Ya kale ni dhahabu, lakini husafishwa
Mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji hubuni hadithi kwa pamoja, ulipotolewa na kanuni mpya huko Marekani mwaka 2008, kampuni ya uchapishaji ya Paizo haikuzifuata. Ilishikilia zile za 2003, ikazirekebisha, na kuwaalika wachezaji wazijaribu na kuzikosoa kabla ya kitabu chake, Pathfinder, kutoka mwaka 2009. Baadhi walinung'unika kuwa huko ni kung'ang'ania yaliyopitwa na wakati. Wengine walishangilia: vitabu walivyonunua kwa jasho lao havingekuwa karatasi za kufungia njugu. Mimi, mwalimu niliyeshuhudia mitaala ikibadilishwa na vitabu vizima vikitupwa, nawaunga mkono hao wa pili. Chenye dosari hurekebishwa, na anayekitumia ndiye wa kuulizwa kwanza.