Wageni wanakuja: tupange karamu kama tunavyopanga shamba

Kila mwaka, mwezi wa 12 ukikaribia, simu zinaanza kulia hapa Kilwa. Ndugu wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kolwezi wanauliza: «Tukuye Bonane?» Na sisi watu wa ziwa tunajibu namna moja tu: «Karibuni, mukuye.» Hakuna mtu anayependa isemwe kwamba ndugu yake alifika mlangoni akakosa bukari.

Ndugu wanamemba wa koperative, hatuandiki kuwaambia muache kupokea wageni. Familia isiyokula pamoja inasahauliana, na watoto wanakua bila kuwajua baba wakubwa na mama wadogo zao. Tunachotaka kusema ni hiki: karamu kubwa ya familia tumeiweka katika mwezi mbaya. Mwezi mzuri upo, na sikukuu yake ipo. Tuangalie hesabu pamoja.

Mwezi wa 12 unakuta nini nyumbani?

Shambani, mahindi tuliyopanda mvua zilipoanza yanataka kupaliliwa. Mahindi yakikaa na majani wiki 2 au 3 baada ya kuota, hayawezi kurudisha nguvu iliyopotea. Lakini nani atapalilia, kama mama na mabinti wote wako jikoni toka asubuhi mpaka usiku?

Ghalani, mavuno ya mwezi wa 4 na wa 5 yamekwisha kupungua, na mahindi mabichi hayatakuja kabla ya mwezi wa 2 au wa 3. Njia ya Kasenga nayo, zaidi ya kilomita 300 toka Lubumbashi, imekuwa matope. Gari linakwama, wageni wanalala porini na watoto, na siku walizopanga kukaa nasi zinaishia njiani.

Sasa tupige hesabu ya unga. Tuseme wageni 10 wanakaa wiki moja, na kila mmoja anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Hiyo ni kilo 35. Hektari moja ya mahindi inaomba karibu kilo 25 za mbegu. Au tuhesabu namna nyingine: familia ya watu 7 inakula kilo 3 na nusu kwa siku, kwa hiyo kilo 35 ni chakula chake cha siku 10. Zile siku 10 zitaonekana mwezi wa 2, wakati wageni wamesharudi kwao na sufuria iko tupu.

Tunajua wote kinachofuata. Baba anaenda kuomba gunia moja kwa deni, atarudisha mawili wakati wa mavuno. Mama anaenda kulima kibarua katika shamba la mwingine ili apate meka moja ya unga, na shamba lake linabaki na majani. Wenye kupanda maharagi mwezi wa 2 wanafungua kifuko cha mbegu na kukuta kimeliwa. Mwaka unaofuata unaanza na njaa, na chanzo chake ni wiki moja ya furaha.

Ziwa nalo lina wakati wake

Mgeni wa mjini akifika Kilwa anataka samaki wa Moero. Ni haki yake. Lakini mwezi wa 12 ndio samaki wengi wanataga. Upande wa Zambia sheria inafunga uvuvi toka tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2, na upande wetu pia fermeture inatangazwa majira hayo hayo ya mvua. Anayetaka samaki mbichi kwa Bonane anamsukuma mvuvi kuiba usiku, na mara nyingi kwa nyavu za macho madogo zinazobeba hata watoto wa samaki.

Historia ya mpumbu itufundishe. Katika miaka ya 1930 na 1940, wafanyabiashara wa Kasenga, wengi wao Wagiriki, walinunua samaki wa Luapula na kuwapeleka Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Elisabethville, kulisha wafanyakazi wa migodi. Mpumbu walikuwa wengi sana. Mvua zikianza, walipandisha mto kwenda kutaga, na nyavu ziliwangojea njiani, wakiwa na mayai tumboni. Kufika miaka ya 1950, biashara ya mpumbu ilikuwa imeanguka. Leo vijana wengi wanamjua mpumbu kwa hadithi za nkambo tu. Hatutaki wajukuu wetu waambiwe hadithi kama hiyo juu ya makobo na chisense.

Tarehe 1 mwezi wa 8

Katika nchi yetu tarehe 1 mwezi wa 8 ni siku ya wazazi. Asubuhi tunasafisha makaburi ya wazee wetu, mchana tunakula na wazazi walio hai. Kama kuna siku ambayo ndugu wa mbali wanapaswa kuwa nyumbani, ni hiyo. Na angalieni namna kila kitu kinaikubali: mahindi, karanga na mihogo vimevunwa, ziwa limefunguliwa, njia imekauka, shule zimefungwa toka mwezi wa 7 mpaka mwanzo wa mwezi wa 9. Kilo 35 za mwezi wa 8 zinatoka katika ghala lililojaa, na unajua umebakiza ngapi.

Bonane haitakufa. Tutasali, tutachinja kuku mmoja, tutakula na jirani. Ila wageni wa wiki nzima tuwaite mwezi wa 8.

Cha kuwaonyesha wageni

Wengine wanasema Kilwa hakuna cha kutembelea. Hapana. Peleka watoto wa mjini ufukweni mapema, mitumbwi ikirudi na samaki. Waonyeshe namna chisense wanavyoanikwa. Waambie kwamba Luapula inaingia ziwani upande wa kusini, maji yanatoka Pweto kwa mto Luvua, yanafika Lualaba, na mwishoni yanapita mbele ya Kinshasa. Mtoto akisikia kwamba maji anayoyagusa yatafika bahari ya Atlantiki, hataisahau safari hiyo.

Wenye nguvu na nafasi wanaweza kuvuka kwenda Zambia kuona Mutomboko, sikukuu ya Walunda wa Mwata Kazembe pale Mwansabombwe. Inafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa 7, siku chache tu kabla ya siku ya wazazi. Mwata mwenyewe anacheza, kukumbuka safari ya mababu waliotoka huku kwetu Kongo, kwa Mwata Yamvo. Lakini kuvuka ni kuvuka mpaka. Hata kisiwa cha Kilwa, ambacho tunakiona toka ufukwe wetu, ni cha Zambia. Muulize kwanza ofisi ya DGM karatasi gani zinaombwa.

Na juu ya maji, tusifanye mchezo. Upepo wa wakati wa jua unaweza kuinua mawimbi haraka. Msipande mtumbwi uliojaa kupita kiasi, ombeni jile za kuokoa maisha hasa kwa watoto, na mkiona ziwa limechafuka, ngojeni kesho. Mgeni aliyechelewa siku moja atafika kwake salama.

Mezani

Chakula chetu hakihitaji kununuliwa Lubumbashi. Bukari ya mahindi iliyochanganywa na unga wa mihogo, sombe na karanga, makobo wa kukaanga, chisense na nyanya, kuku wa kienyeji: mgeni wa mjini anakula hivyo kwa hamu kuliko samaki wa frigo anayemjua kila siku. Pesa nyingi za sikukuu haziishi kwa chakula, zinaishia kwa bia. Munkoyo unapikwa kwa mahindi yetu na mizizi yetu, watoto na wazee wote wanakunywa, na hakuna anayegombana baadaye.

Tukumbushane jambo la maji. Kilwa na Pweto ni kati ya zone za afya ambako kolera inarudi mara kwa mara, na karamu moja inaweza kuisambaza katika kata nzima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klore. Maji ya kulowekea mizizi ya munkoyo pia yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Ndoo ya maji na sabuni iwe karibu na choo na karibu na meza. Chakula kiliwe kingali moto, na kilichobaki kifunikwe na kupashwa tena vizuri. Mtu akianza kuharisha maji, msingoje karamu iishe. Mnyweshe maji ya chumvi na sukari, na mpelekeni mara moja kituo cha afya.

Siku ya tatu

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakutaka kumfukuza mgeni, walitaka awe mtu wa nyumba. Mwezi wa 8 kuna kazi nyepesi ambazo mjomba wa mjini anaweza kuzifanya akicheka: kupukusa mahindi, kubangua karanga, kutengeneza ghala. Kijana wa Lubumbashi aliyepukusa gunia moja kwa mikono yake hatasema tena «mutupatie kidogo ya kubeba» bila kufikiri.

Kuhusu hiyo «kidogo ya kubeba», tunapendekeza desturi hii: zawadi moja kwa kila familia, kwa moyo wote. Akitaka zaidi, aipate kwa koperative, kwa bei ya koperative, ikiwa imepimwa na kufungwa vizuri. Chisense kavu, karanga na unga wa mihogo vinatafutwa mjini. Ndugu aliyekula kwetu na kuona usafi wetu ni mteja wa kwanza, na jirani zake watamfuata. Naye akija, asione haya kuleta chumvi, sukari, mafuta na sabuni. Anayeleta anakula kwa raha zaidi.

Tuanze namna gani?

Kwanza, wakati wa mavuno, kila familia itenge meka chache za mahindi kwa wageni tu, katika mfuko wake. Mfuko ukiisha, karamu imeisha.

Pili, vikundi vya AVEC viangalie tarehe ya kugawana. Mzunguko ni wa miezi 9 mpaka 12, na wanamemba ndio wanachagua uishe lini. Pesa zikigawanywa mwezi wa 12, zinaenda kwa sikukuu. Zikigawanywa mwezi wa 9 au wa 10, zinakuta mbegu na mbolea zinangojewa.

Tatu, tuwaambie ndugu mapema, kwa upole, ili mtu asifikiri amekataliwa. Mdogo anaweza kumpigia mkubwa wake hivi: «Yaya, Bonane tutasali kila mutu kwake. Mukuye ku mwezi ya munane, siku ya bazazi. Njia itakuwa muzuri, samaki itakuwa, bunga itakuwa, na tutasafisha kaburi ya nkambo pamoja.» Yaya atakayekataa maneno hayo ni nani?

Ya kuzungumza katika mkutano

1. Mwaka uliopita, chakula cha sikukuu kilitoka wapi, na mwezi wa 2 tulikula nini?
2. AVEC yetu inagawana mwezi gani, na tunataka kuibadilisha?
3. Koperative yetu inaweza kuandaa nini cha kuuzia wageni mwezi wa 8?
4. Nani atawaambia vijana wa ziwa kwamba kwa Bonane hatununui samaki wa fermeture?