Unene, Rangi na Uwakilishi: Siasa za Mwili katika Tasnia ya Uchapishaji nchini Marekani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano wa unene, rangi na uwakilishi katika tasnia ya uchapishaji nchini Marekani. Hoja kuu ni kwamba mwandishi mweusi mnene hafungiwi milango yote. Mlango anaofunguliwa kwa wepesi zaidi ni ule wa kusimulia maumivu yake. Aidha, makala yanaonesha jinsi uteuzi wa istilahi za Kiswahili unavyoweza kuurithi au kuukataa mtazamo huo.

1.0 Utangulizi

Harakati za kutetea haki za watu wanene nchini Marekani zilipata chombo rasmi mwaka 1969, ilipoanzishwa jumuiya ya NAAFA. Mwaka 1973, Judy Freespirit na Aldebaran waliandika ilani ya ukombozi wa watu wanene, wakidai heshima na haki sawa na kupinga biashara ya kupunguza uzito. Wanaharakati hao walilichagua neno la kawaida lenye maana ya “nene” badala ya istilahi ya kitabibu, kwa kuwa istilahi hiyo huutangaza mwili kuwa ugonjwa kabla mwenye mwili hajasema lolote. Tangu mwanzo, basi, suala hili lilikuwa pia suala la lugha.

2.0 Rangi katika Historia ya Unene

Katika Fearing the Black Body, Sabrina Strings (2019) anaonesha kwamba chuki dhidi ya unene haikuzaliwa hospitalini. Chimbuko lake ni biashara ya utumwa ya Atlantiki pamoja na maadili ya Kiprotestanti kuhusu kiasi katika kula. Wembamba ulifanywa alama ya ubora wa Mzungu, ilhali unene ulihusishwa na Mwafrika aliyedaiwa kutawaliwa na tamaa. Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka kusini mwa Afrika, alioneshwa hadharani London kuanzia mwaka 1810, kisha Paris, alikofariki mwaka 1815. Mwili wake ulichorwa na kuelezwa na wanasayansi; mabaki yake yalirejeshwa Afrika Kusini mwaka 2002. Kuandikwa na wengine pasi na kupewa nafasi ya kujiandika ndiko kiini cha tatizo la uwakilishi.

3.0 Mlango wa Uchapishaji

Utafiti wa kampuni ya Lee & Low wa mwaka 2015 ulibainisha kuwa asilimia 79 ya watu waliojibu katika tasnia hiyo walikuwa Wazungu; ule wa mwaka 2019 ulipata asilimia 76. Tafiti hizo zilipima rangi, jinsia, mwelekeo wa kijinsi na ulemavu. Ukubwa wa mwili haukuwamo. Mwanamke mweusi mnene huhesabiwa kwa weusi na uanamke wake, lakini unene wake hubaki nje ya hesabu, na kisichohesabiwa hakidaiwi.

Mgawanyo wa vitabu wenyewe una funzo. Shadow on a Tightrope (1983), mkusanyiko wa maandishi ya wanawake wanene, ulitolewa na Aunt Lute, mchapishaji mdogo wa kifeministi. The Fat Studies Reader (2009) na kitabu cha Strings vilitolewa na mchapishaji wa Chuo Kikuu cha New York. Belly of the Beast (2021) cha Da'Shaun Harrison kilitolewa na North Atlantic Books, shirika lisilo la faida. Kwa upande mwingine, Hunger (2017), tawasifu ya Roxane Gay kuhusu mwili wake na ubakaji aliofanyiwa utotoni, ilitolewa na Harper, mchapishaji mkubwa wa kibiashara. Mifano hii ni michache, lakini inadokeza mwelekeo: jeraha la mtu mmoja huonekana bidhaa ya soko pana, na uchambuzi wa mfumo uliolisababisha huonekana mali ya wasomi. Hata hivyo, Gay hakukubali kanuni nzima ya soko. Anakataa kuihitimisha simulizi yake kwa ushindi wa kukonda.

4.0 Istilahi za Kiswahili

Kiswahili kina hazina ya kutosha ya kujadili suala hili. Kivumishi “-nene” hutumika kwa mtu, kamba, kitabu na hata sauti, chenyewe hakihukumu. “Kunona” huelekea zaidi kwa mnyama wa kuchinjwa, na “bonge” hubeba utani au kejeli kulingana na muktadha. “Kiribatumbo” ni istilahi ya kitabibu, na “unene uliokithiri” hudokeza kipimo kilichovukwa bila kutaja aliyekiweka. Mfasiri anayeliweka “kiribatumbo” mahali ambapo mwandishi ameteua neno la kawaida huurudisha mwili hospitalini, na hoja ya mwandishi hupotea. Kwa matini za aina hii, “unene” na “mtu mnene” ndiyo maneno yanayofaa.

5.0 Hitimisho

Kuongeza idadi ya waandishi weusi wanene katika orodha za wachapishaji ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Uwakilishi hukamilika pale mwandishi huyo anapoweza kuandika nadharia, riwaya ya mapenzi au historia bila kutakiwa kwanza kuueleza mwili wake.