Daftari la Michoro: Mchezo Wenye Faida



Mtoto huchora kabla hajajua kuandika. Katika mji wa Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, kama katika miji yetu mingine, huokota kijiti akachora nyumba mchangani, au hushika kipande cha mkaa akachora ukutani mpaka mama yake amkemee. Hakuna aliyemfundisha wala aliyemlipa. Lakini akisha kufika umri wa miaka 10 au 12 aghalabu huacha, na akiombwa achore hujibu, "Mimi sijui kuchora." Je, ujuzi ule umekwenda wapi?

Kwa maoni yetu ujuzi haukupotea. Kilichopotea ni mchezo. Hapo kwanza mtoto alikuwa akicheza, wala hakuogopa kukosea. Kisha watu wazima wakamwambia kwamba anaharibu karatasi, wenziwe wakamcheka, na yeye mwenyewe akaanza kulinganisha mchoro wake na picha zilizopigwa chapa vitabuni. Tangu siku hiyo kila karatasi ikawa mtihani, na nani apendaye kutahiniwa kila siku?

Wako wanaodhani kwamba kuchora hakuna nafasi katika nyumba ya Kiislamu. Twawakumbusha Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, iliyopokewa na Abdullah bin Masud (r.a.), kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alichora mraba, akapitisha mstari katikati hata ukatoka nje ya mraba, kisha akachora vistari vidogo kuuelekea ule mstari. Akaeleza kuwa mstari wa kati ni mwanadamu, mraba ni mwisho wa umri wake uliomzunguka, sehemu iliyotoka nje ni matumaini yake, na vistari vile ni misiba impatayo. Tazameni jinsi mistari michache ilivyotosha kufundisha jambo zito.

Ama kuhusu viumbe wenye roho, wanavyuoni wamehitilafiana, na kila nyumba ifuate mwongozo inaouamini. Lakini Ibn Abbas (r.a.), alipojiwa na mtu aliyepata riziki yake kwa kutengeneza picha, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mlango huo ni mpana. Kijana wa Mwanhuzi anao mbuyu uliopukutisha majani wakati wa kiangazi, ambao mvua ikinyesha huwa kama mti mwingine. Anao mgunga, tumba la pamba linalopasuka, birika la chai, gurudumu la baiskeli na plau iliyoegemezwa ukutani. Hata akichora kitu kimoja kila siku, mwaka hautamtosha.

Basi aanze vipi? Kwanza, daftari lenyewe lisiwe la thamani kubwa, kwani daftari zuri hutia hofu. Daftari la shule la kurasa 40 na penseli moja vyatosha. Pili, achague saa moja tu, kwa mfano baada ya Alasiri, maana jambo lililofungamana na wakati wa sala halisahauliki upesi. Tatu, asizidishe. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali aipendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Mafundisho hayo ni ya ibada, lakini hekima yake huangaza kila kazi. Dakika kumi za kila siku zitamfikisha mbali kuliko siku moja nzima iliyofuatwa na miezi ya uvivu. Nne, asichane ukurasa wala asitumie raba. Aandike tarehe tu na kuendelea.

Na michezo ni mingi. Leo achore birika bila kuuinua mkono mpaka amalize. Kesho alichore akilitazama lenyewe tu, asitazame karatasi. Nyumba nzima itacheka, na yeye acheke nao. Siku nyingine asichore matawi ya mgunga, bali achore nafasi zilizo wazi kati ya matawi. Kisha ashike bikari, au kamba na vijiti viwili uani, achore duara. Bila kubadili upana ule, azunguke ukingoni akitia alama. Ataona kuwa hatua 6 zinarudi pale pale zilipoanzia. Kutokana na alama hizo atapata ua la petali 6, na nyota. Mafundi wa misikiti ya Morocco na wa Alhambra kule Hispania walijenga mapambo yao juu ya duara zilizogawanywa namna hii. Tena ajaribu wino wa kale: masizi ya chungu, maji na utomvu wa mgunga, kwa kalamu ya tete. Ukimwagika, amejifunza kitu.

Mfano mkubwa tunao katika nchi ya Sudan. Ibrahim el-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, alijifunza hati za Kiarabu katika chuo cha Kurani cha baba yake, kisha akasoma uchoraji London. Aliporudi kwao alizichezea herufi, akizigawa vipande vipande mpaka zikazaa maumbo mapya. Mwaka 1975 alifungwa bila mashitaka katika gereza la Kober mjini Khartoum, akakaa humo zaidi ya miezi sita. Kuwa na karatasi kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Hata hivyo alichora mchangani akafuta, na katika vipande vidogo vya karatasi alivyovificha. Baada ya kutolewa alijaza daftari zima kwa michoro na maneno juu ya siku zile. Tazama: mkono uliozoea haukungoja karatasi nzuri.

Wazazi, neno la mwisho ni lenu. Mwanafunzi wa seremala asiyeweza kuchora kiti atajaribia makosa yake katika mbao, na binti ajifunzaye kushona atayajaribia katika kitambaa. Na mbao na kitambaa vyote hununuliwa kwa fedha. Kosa la penseli halina gharama. Kwa hiyo msiulize, "Umechora nini hiki?" kwa sauti ya hakimu. Ulizeni, "Leo umeona nini?" Na ikiwezekana, baba na mama nao wawe na madaftari yao, kwani mtoto hufuata alionalo kuliko aliambiwalo.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yaonayo uzuri wa viumbe vyake, na mikono isiyochoka katika jambo dogo la kila siku. Amin.