Bima ya Afya na Mkoba wa Kaya ya Kasanga

Kando ya Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Kalambo, yangalipo magofu ya ngome ya Wajerumani. Zama zile Kasanga iliitwa Bismarckburg, kwa jina la Otto von Bismarck, Waziri Mkuu wa Ujerumani. Ni serikali ya Bismarck huyo huyo iliyotunga, mwaka 1883, sheria ya kuwalazimisha wafanyakazi wa viwandani katika taifa zima kuwa na bima ya ugonjwa. Mfanyakazi alilipa theluthi mbili za mchango na mwajiri wake theluthi moja. Sheria hiyo haikuvuka bahari pamoja na bunduki, na mji uliobebeshwa jina la mtu huyo ulingoja zaidi ya miaka mia moja kabla ya bima kuwafikia wakulima na wavuvi wake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika hospitali na zahanati za Serikali ya Tanzania yalitolewa bila malipo. Kuanzia mwaka 1993 uchangiaji wa gharama uliingizwa hatua kwa hatua. Ndipo Mfuko wa Afya ya Jamii ulipojaribiwa katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, na kuwekewa sheria yake mwaka 2001. Watumishi wa umma walikuwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ambamo mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Mwaka 2018 mfuko wa jamii uliboreshwa: kaya ya watu wasiozidi sita, mikoani, ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Hatimaye, mwezi wa Novemba 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inataka kila mkazi awe na bima.

Kwa nini iwe lazima? Jibu limo katika hesabu, wala si ngumu. Ichukuliwe mfano wa kubuni wa kaya 1,000, ambapo kila mwaka kaya 1 katika 20 hupatwa na ugonjwa wa gharama ya shilingi 300,000. Wagonjwa watarajiwa ni 50, gharama yao ni shilingi 15,000,000, na kila kaya ikitoa shilingi 15,000 mfuko unatosha. Sasa zichukuliwe kaya 20 tu za kitongoji kimoja, zenye mfuko wa shilingi 300,000. Kwa wastani atapatikana mgonjwa mmoja. Lakini takribani mara moja katika miaka 13 watapatikana watatu au zaidi, na mfuko utakauka. Katika kaya 1,000, wagonjwa kuzidi 70 ni jambo nadra mno. Kanuni hii ya wingi ilithibitishwa na Jacob Bernoulli katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, na ndiyo inayoeleza kwa nini vyama vya kufa na kuzikana, pamoja na wema wake wote, havimudu gharama ya upasuaji.

Lakini wingi peke yake hautoshi. Katika zile kaya 1,000, tuseme 200 zina mgonjwa wa muda mrefu, nazo hutoa nusu ya wagonjwa wote 50. Kujiunga kukiwa hiari, hizo 200 zitajiunga zote; kati ya 800 zenye afya njema pengine zitajiunga 200 tu. Wagonjwa watarajiwa sasa ni 31 hivi, gharama yao ni shilingi 9,300,000, na mchango unaohitajika umepanda hadi shilingi 23,250. Kwa bei hiyo wenye afya hujitoa zaidi, na mchango hupanda tena. Mifuko ya hiari huchakaa hivyo bila mtu yeyote kuiba.

Ulazima, hata hivyo, unazaa swali jingine: nani atalipa, tena mwezi gani? Mkulima wa uwanda wa Ufipa hupata fedha mara moja kwa mwaka, anapouza mahindi na maharage baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni au Julai. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo ghala hupungua na kazi ya jembe huwa kubwa. Kule mwambaoni, kwenye mwinuko wa mita 770 hivi tu juu ya usawa wa bahari, malaria nayo huchachamaa. Yaani ugonjwa huja wakati mkoba ni mtupu. Kaya isiyo na bima hukopa, huuza mbuzi, au huuza mahindi yangali mabichi shambani kwa bei ya kutupa. Uchunguzi wa Adam Leive na Ke Xu, uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu nchi 15 za Afrika, ulionyesha kuwa kati ya kaya zilizolipia matibabu, zile zilizokopa au kuuza mali zilikuwa asilimia 23 nchini Zambia, jirani wa Kasanga, na asilimia 68 nchini Burkina Faso. Hasara ya namna hiyo haiishi mgonjwa anapopona. Ng'ombe wa kulimia aliyeuzwa Februari hayupo msimu unaofuata.

Mvuvi yu katika hali tofauti. Yeye hupata fedha kila siku anapovua migebuka na dagaa, na angeweza kuchangia kidogo kidogo. Lakini ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ili samaki wazaliane, mapato hayo yalisimama kwa miezi mitatu. Tarehe moja ya malipo kwa nchi nzima ni rahisi kwa mtunza vitabu. Kwa kaya hizi mbili ni dhiki. Mwaka 2022, muswada ulipojadiliwa, kilitajwa kiwango cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Hicho ni zaidi ya mara kumi ya zile 30,000 za mwaka 2018, na kwa mwenye ekari mbili za mahindi hakingelipika bila kuuza chakula cha watoto. Ndiyo maana kipengele cha sheria kinachohusu kuwagharimia wasio na uwezo, kwa fedha zitokanazo na ushuru wa vitu kama vileo na vinywaji vyenye kaboni, kina uzito kuliko vipengele vingi vilivyozungumzwa zaidi.

Liko pia jambo la dawa. Kadi ikikutana na rafu tupu ya zahanati, mgonjwa huandikiwa cheti aende duka la dawa, na hapo kaya hulipa mara mbili: mara moja kwa bima, mara ya pili kwa fedha taslimu. Mwaka ufuatao haitalipa. Na kwa mgonjwa wa rufaa anayetoka kijiji cha mwambao kisicho na barabara, safari huanza kwa mtumbwi wa mashine hadi Kasanga, kisha kilomita zipatazo mia moja kwa gari hadi Sumbawanga. Petroli, nauli, na chakula cha ndugu anayemwuguza havimo katika kadi.