Mvua Isiyokuja kwa Wakati Wake

Fungu la muhogo likipanda bei Mbagala Rangi Tatu, lawama humwangukia mchuuzi, au bei ya mafuta, au foleni ya barabara ya Kilwa. Tutazame na kusini zaidi, Mkuranga, Kibiti na Rufiji, kunakolimwa muhogo, machungwa na mpunga. Vuli ya 2022 ilisuasua. Oktoba mto Ruvu ukapungua hadi Dar es Salaam ikapata maji kwa mgao. Mwaka uliofuata El Niño ikamwaga mvua, masika yakaongezea, na Aprili 2024 mto Rufiji ukameza mashamba. Mei kikaja Kimbunga Hidaya, barabara hiyo ya Kilwa ikakatika Somanga. Ukijumlisha milimita za miaka hiyo, unaweza kudhani mkulima alipata maji ya kutosha. Ghala lake lingekujibu vingine.

Watasema Rufiji imefurika tangu enzi za mababu, na kwamba El Niño haikuanza jana. Ni kweli, na si kila gharika ni ya kubebeshwa mabadiliko ya tabianchi. Wazee walilima mlau, wakipanda kwenye tope lenye rutuba maji yakishapungua. Ila mlau hutegemea maji yaje na kuondoka kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo inayovurugika. Utafiti wa Pedram Rowhani na wenzake wa 2011 ulikadiria kuwa joto likipanda nyuzi 2 ifikapo 2050, mahindi ya Tanzania yatapungua kwa asilimia 13 na mpunga kwa 7.6. Mvua ndani ya msimu ikizidi kuyumba kwa asilimia 20, mpunga hupungua kwa hiyohiyo 7.6. Kuyumba peke yake, basi, kunaumiza mpunga sawa na joto.

Ushauri wa haraka ni kulima muhogo, kwa kuwa unavumilia ukame. Unavumilia, lakini joto na ukavu humpendeza pia inzi mweupe, msambazaji wa magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu wa pili ni mjanja: shina huweza kuonekana zima, majani ya kijani, kumbe mnunuzi akipasua muhogo jikoni anakuta mabaka makavu ya kahawia. Zipo mbegu zinazostahimili, kama Kiroba. Tatizo ni pingili za kupandia: jirani humpa jirani, na ugonjwa humo humo. Mkulima wa Mkuranga hununua mbegu ya mahindi dukani; pingili safi nazo zipatikane karibu hivyo, kabla ya vuli kuanza.