Kifafa kisichomwangusha mtu



Katika makanisa yetu tukisema kifafa, kila mtu anaona jambo moja: mtu ameanguka, anatetemeka, povu linamtoka. Lakini kuna kifafa ambacho mara nyingi hakimwangushi mtu, nacho tumekipa majina yasiyo yake.

Dada mmoja wa kwaya yetu alikuwa akinyamaza katikati ya wimbo. Macho yanakaza, midomo inatafuna kitu kisichokuwepo, mkono unavutavuta kitenge. Baada ya dakika moja au mbili anarudi, hajui wimbo umefika wapi. Alituambia kwamba kabla ya hapo husikia harufu ya kitu kinachoungua, hofu inapanda kutoka tumboni mpaka kooni, na mahali alipo anapaona kama alikwisha kupafikia zamani. Sisi wachungaji na wazee tulimpangia kufunga, pamoja na mikesha. Hali ikazidi kuwa mbaya. Tukasema ni pepo mgumu.

Tulipaswa kuuliza kwanza ubongo unafanyaje kazi. Ndani ya kichwa, usawa wa sikio, kila upande, kuna sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Giulio Cesare Aranzi, mganga wa Italia, aliipa jina hilo mwaka 1587 kwa kuwa umbo lake lilimkumbusha farasi wa baharini. Kazi yake kubwa ni kuweka kumbukumbu mpya. Hilo lilionekana wazi mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alipotolewa sehemu hiyo pande zote mbili ili apone kifafa. Mishtuko ilipungua sana, lakini tangu siku ile mpaka alipokufa mwaka 2008 hakuweza tena kushika habari mpya. Aliyekutana naye asubuhi alikuwa mgeni kwake jioni.

Chembe za ubongo husemezana kwa umeme mdogo. Katika kifafa, nyingi zinawaka kwa pamoja, bila utaratibu. Hipokampasi ni kati ya sehemu zinazowaka upesi zaidi, hasa ikiwa na kovu. Sasa tazama majirani zake. Karibu kabisa iko amigdala, inayohusika na hofu. Hapo hapo jirani ziko sehemu zinazopokea harufu. Umeme ukivurugika pale, mtu atasikia harufu isiyokuwepo, ataogopa bila sababu, atapaona pageni kama pa zamani. John Hughlings Jackson wa London alikwisha kuandika juu ya hali hiyo, iliyo kama ndoto, katika karne ya 19. Umeme ukienea ubongo mzima, ndipo mtu anaanguka.

Kovu hilo linatoka wapi? Kwa wengine hatujui. Kwa wengine, degedege ya muda mrefu ya utotoni inahusika. Huko Kilifi, Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliopona malaria kali iliyogusa ubongo, wakaona kwamba kifafa kilikuwa kingi zaidi kwao. Nasi hapa, ni nyumba gani isiyojua malaria?

Wengine watatuuliza juu ya kijana wa Marko 9. Hatuifuti habari ile. Lakini someni pia Matayo 4:24, ambapo wenye pepo na wenye kifafa wanatajwa mbalimbali, kila kundi kwa jina lake. Mwandishi wa Injili alijua kutofautisha.

Na mikesha yetu? Kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha kifafa. Tulikuwa tukimwombea usiku kucha na usiku huo huo ukimwongezea ugonjwa. Jambo hili bado linatuuma.

Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa mpaka 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa inayowafaa. Fenobarbitali ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Inamezwa kila siku, na haikatwi ghafula, hata baada ya ushuhuda wa uponyaji, kwa sababu kuikata hivyo kunaweza kuleta mshtuko usiokoma. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji; umekwisha kufanyika Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE, ingawa kutoka Lubutu ni safari ndefu.

Mtu akishikwa namna hii kanisani, msimfunge mikono, msimmwagie maji, msimpe kitu mdomoni. Kaeni karibu naye, mwondoeni penye moto, tazameni saa. Ikipita dakika tano, apelekwe hospitali. Aliyeona aandike alichoona, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki, na muganga anahitaji habari hizo.

Dada yetu amerudi kwenye kwaya, safu ya pili. Siku ya mkesha anaimba mpaka saa tatu usiku, kisha anakwenda kumeza dawa na kulala. Mwanzoni watu walinung'unika. Sasa mzee mmoja ndiye anayemsindikiza na taa mpaka nyumbani.