Gazeti Moja, Simu Nne

Dada yangu ameolewa Litein, katika kaunti ya Kericho, na kila nipandapo kumtembelea kutoka Mombasa, shemeji huniuliza mambo mawili: bei ya samaki na bei ya chai. La kwanza ni mzaha. La pili si mzaha hata kidogo, kwani ana shamba la michai. Majani yake huenda kiwandani, na chai huteremshwa hadi kwetu Mombasa, ambako mnada umekuwako tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Bei hukatwa pwani. Mkulima wa Kericho au Bomet huisoma gazetini.

Zamani habari hiyo ilipanda kwa karatasi. Gazeti moja lilinunuliwa mjini, likasomwa na mwenye duka, fundi cherehani na mwalimu, likarudi limekunjika na kunuka moshi, mwisho likafungiwa sukari. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyelipa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 2021 gazeti la Nation lilianza kuwatoza ada wasomaji wa tovuti yake. Mimi hulipia gazeti jingine, jina lake naliacha. Kwa wema tu nilimpa shemeji neno langu la siri. Naye akampa mwanawe, mwana akampa dada yake aliye Bomet. Basi Oktoba 2025, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa walipokuwa wakilalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, nilikuwa nimeketi ukumbini kwa dada, nikafungua simu nisome habari hiyo. Nikaambiwa vifaa vimezidi idadi. Mimi mwenye kulipa nimefungiwa nje!

Nilikasirika, kisha nikaona haya. Ukinunua karatasi umenunua kitu. Ni chako, uazime au ufungie vitumbua. Ukilipia gazeti la simu umenunua ruhusa. Kila simu inayoingia kwa jina lako hutambuliwa na kompyuta za gazeti na kuhesabiwa, na ikizidi idadi hukataliwa. Netflix nao waliwabana wateja wao hivyo mwaka 2023. Nilipoyatazama masharti, nikakuta sharti hilo limo, nami nililikubali bila kulisoma.

"Na chuoni ulifunzwa nini, kaka?" akauliza dada yangu, huku akinimiminia chai.

Sikuwa na jibu. Mwandishi wa habari naye ana watoto wa kulisha. Lakini moyo wangu haukutulia: kichwa cha habari mkulima hukiona bure, ila ile bei ya chai aliyoichuma mwenyewe imefichwa chini yake.

Jioni shemeji alilipa ada ya siku moja kwa M-Pesa, kwa jina lake mwenyewe, tukaenda kituo cha kukusanyia majani. Watu walikuwa wameketi kando ya magunia wakingoja lori. Akasimama katikati yao, akasoma kwa sauti.

"Rudia hapo pa Mombasa," mzee mmoja akamwambia. Akarudia mara tatu.

Kisha mzee akanigeukia. "Wewe watoka huko. Hao wanunuzi wawajua?"

Nikamjibu kwamba mimi, mzee wangu, huinywa tu.